Nyumba ya Hesabu Isiyotazamwa

"Siwema, nikuulize bila ya kukasirika: wewe ni mjane au si mjane?"

Aliyeniuliza hivyo ni jirani yangu Kazija, amesimama kizingitini pangu na sufuria ya wali mikononi, mvuke unamwingia machoni. Hakuniuliza kwa umbea. Kwetu, nyumba yenye msiba haiwashi moto siku tatu, majirani ndio wanaopika. Lakini nyumba isiyo na msiba ukiipelekea sufuria nzima ya wali, umewaambia wenyewe wana njaa. Kazija hakutaka kunitukana, na wala hakutaka kuniacha nishinde na maji.

"Sijui, mwenzangu," nikamwambia. "Serikali bado haijaniambia."

"Basi niitue au nirudi nayo?"

"Tua nusu."

Akatua nusu. Nitaeleza kwa nini, maana huenda wewe unayesoma unatoka nchi ambayo mtu akifa anakufa.

*

Nchi yetu ni nchi ya amani. Imeandikwa hivyo ukutani katika kila ofisi, na mahali pengine imeandikwa mara mbili. Siku moja wakaja wageni wenye viwanda, wakasema wanatengeneza mashine mpya za kwanta, na kwamba mashine hizo zikianza kazi hakuna siri itakayofichika wala ugonjwa utakaokosa dawa. Lakini kabla ya viwanda, wakasema, lazima kwanza kuwe na hesabu. Nchi itakayokuwa na watu wa hesabu ndiyo itakayopata viwanda.

Mimi nimeishia darasa la saba. Mambo ya kwanta niliyasikia redioni kama wengine: kwamba ziko chembe ndogo kuliko vumbi la unga, na chembe hiyo, maadamu hakuna anayeitazama, inaweza kuwa huku na kule kwa pamoja, imelala na imeamka. Ukiitazama tu, inachagua moja.

Mume wangu, Mwalimu Shaali Mbwana, alinieleza vizuri kuliko redio. Alikuwa mwalimu wa hesabu skuli ya sekondari, mtu mrefu mwenye chaki hata kwenye ndevu. Siku hiyo nilikuwa na mkate wa kumimina jikoni, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Akasema, "Tazama, Siwema. Kabla hujafunua, mkate huu umeiva na haujaiva."

"Wangu umeiva," nikamwambia. "Nausikia harufu."

Akacheka mpaka kofia ikamteleza. "Haya, basi wewe umeshautazama kwa pua! Kutazama si macho tu, mke wangu. Chochote kinachokupa habari kimeshatazama."

Maneno hayo niliyaweka. Mtu huweka maneno kama anavyoweka kitambaa, hajui atakishonea nini.

*

Serikali ikaanzisha Mfuko wa Taifa wa Hesabu za Kwanta. Hapo sina la kejeli, lilikuwa jambo jema. Shaali alilia siku aliyosikia tangazo. Maisha yake yote ameomba chaki akapewa nasaha, leo taifa zima linasema hesabu ndiyo roho ya nchi! Waziri wa Hesabu na Mambo Yasiyoonekana, Mheshimiwa Daktari Ngwali, akasimama jukwaani akanguruma: "Mashine hizi haziendi kwa mafuta, zinakwenda kwa fikra! Taifa lisilokokotoa, litakokotwa!"

Tukapiga makofi mpaka watoto wakaamka.

Ikajengwa Nyumba ya Hesabu, nyeupe, kubwa, haina hata dirisha moja. Ukiuliza, unaambiwa dirisha ni mlango wa jicho, na jicho huharibu utafiti. Shaali na wenzake wakaingia humo kufanya kazi, asubuhi wanaingia, jioni wanatoka wamejaa vumbi jeupe kama watu wa mashine ya unga. Alikuwa na furaha. Alikuwa akila huku anaandika hewani kwa kidole.

Lakini wakubwa nao walikuwa wanajifunza. Waliposikia kwamba kitu kisichotazamwa si lazima kiwe kimoja tu, wakaona hapa wameletewa rehema.

Ikaanza kabati ya dawa hospitali. "Mama, dawa ipo na haipo," nesi akasema. "Usinilazimishe nifungue, nitaiharibu." Kisha barabara ya kwenda mashamba, ambayo imejengwa na haijajengwa, ikawekwa ukuta wa mabati pande zote ili isije ikachagua. Kisha masanduku ya kura nayo yakaachwa bila ya kufunguliwa, kwa heshima ya sayansi. Tukatangaziwa kwamba wagombea wote wameshinda, na Mheshimiwa Rais ameshinda zaidi kidogo.

Ndipo mume wangu akanyanyua mkono.

Ilikuwa kwenye mkutano wa kutoa taarifa, mbele ya watu. Akasimama na kofia yake akauliza kwa adabu, "Mheshimiwa Waziri, ile mashine tunayoikokotolea, iko wapi?"

"Iko na haiko," Mheshimiwa akajibu, watu wakacheka kwa kumfurahisha.

"Kwa chembe sawa," Shaali akasema. "Lakini mashine ni kitu cha tani kadhaa. Chembe ina ruhusa yake. Bati, saruji na kura za watu hazina ruhusa hiyo. Hesabu haisemi hivyo, na mimi ndiye niliyeiandika."

Mheshimiwa akatabasamu, akasema swali hilo zuri sana linastahili kufanyiwa utafiti wa ndani. Asubuhi ya pili ikaja gari, Shaali akapanda na kikombe chake cha chai hakijaisha. Akaingia Nyumba ya Hesabu. Jioni wenzake wakatoka. Yeye hakutoka, na mlango ukatiwa lakiri.

*

Sheria ya Kutotazama ilipita wiki ile ile. Ni marufuku kuitazama Nyumba ya Hesabu. Watu wakawa wanapita mbele yake wameinamisha vichwa, wengine wamejifunika macho kwa viganja kama watoto wanaocheza kibe, na kila mmoja ananong'ona kitu peke yake. Hata paka walikuwa wanazunguka.

Lakini sheria ilisema kutazama, haikusema kusikiliza. Basi mimi nilikuwa nakwenda kila baada ya alasiri, naupa ukuta mgongo, nasimama kama ninayengoja mtu. Na kwa ndani nikisikia chaki. Kwaru, kwaru, kisha kinyamaa, anafikiri, kisha kwaru. Nilikuwa naujua mwandiko wake hata kwa masikio: saba yake ina kipande cha kati, anaikata, tak. Nikisikia ile "tak" narudi nyumbani nimeshiba.

Zilipoanza mvua za vuli, chaki ikapungua. Ikawa inakwaruza kama mtu anayeandika ameketi. Kisha kama anayeandika amelala. Kisha siku moja niliupa ukuta mgongo mpaka magharibi ikaadhiniwa, na ukuta ukawa ukuta.

Baada ya hapo ndipo wakaanza kufukiza ubani. Mafukizo makubwa, pembe zote nne za nyumba. "Ni kwa ajili ya kuwakaribisha wageni," askari akaniambia akitazama viatu vyake. Lakini katikati ya ubani mlikuwa na harufu nyingine, na mimi nimemwosha mama yangu, nimewaosha dada zangu wawili, harufu hiyo siwezi kuikosa. Karafuu maiti. Hiyo kwetu haitiwi kwenye chai wala haifukizwi harusini. Inawekwa kwenye sanda.

Nikarudi nyumbani taratibu, nimeshika kuta. Nilikuwa nimeshatazama kwa pua.

Siku hiyo ndiyo Kazija alikuja na sufuria. Naye ana pua.

*

Utasema: ulijua, ungekaa eda yako. Si hivyo. Eda haikaliwi kwa kunusa. Mwanamke anayejifungia nyumbani kumkalia eda mume ambaye hakuna aliyesema amekufa, kesho wataambiwa watu kamtamania mauti. Nilitaka neno moja tu litoke kwenye kinywa cha serikali, kwa kuwa funguo ziko kwake. Sikutaka fidia wala mtu afungwe. Nilitaka mtu mwenye mamlaka aseme, "Shaali amekufa," ili nimkalie, nimsomee hitima, nimwombee kama wanavyoombewa maiti, apumzike.

Maana hapumziki. Mimi si mtu wa mizimu, mimi nasali. Lakini makubazi yake niliyaweka mlangoni yameelekea nje, nikirudi chooni nayakuta yameelekea ndani. Msala wake una weupe wa unga mahali pa kipaji cha uso. Na nikiwa jikoni peke yangu, kwenye ukuta wa nyuma: kwaru, kwaru, kinyamaa. Anangoja jibu la mtu.

Nikaenda kwa Sheikh Jabu. Akanisikiliza, akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Vitabu vyetu vina mlango wa mume aliyepotea," akasema. "Lakini nimeletewa waraka. Serikali inasema hakupotea, yuko chumbani, wanajua alipo. Sasa mtu anayejulikana alipo, nimwiteje aliyepotea?"

"Na aliyekufa?"

"Unaye shahidi aliyemwona?"

"Kumwona ni kosa la jinai, sheikh."

"Ndiyo maana nimefunga dirisha," akasema, na machozi yakamjaa, akayafuta haraka kama mtu anayefuta ushahidi.

Na kweli ulikuwa ushahidi. Hayo nilifundishwa na Bwana Mkadam, Afisa wa Hali za Kati, aliyekuwa akija kunikagua, kwa kuwa nilikuwa nimeandikwa Mke wa Kati, si mke si mjane. Kijana mnene, mpole, hodi yake ya adabu, na hiliki mdomoni daima.

"Bi Siwema, shikamoo. Macho yako mekundu. Umelia?"

"Marahaba. Nimekata vitunguu."

"Vingi?"

"Vya pilau ya watu wawili."

Akashtuka, akafungua faili. "Mama, hapo kuna makosa mawili. Kwanza, Mke wa Kati halii, kwa sababu chozi ni kipimo. Ukilia, amekufa. Akifa, utafiti umesimama. Utafiti ukisimama, wenye viwanda wanaondoka. Unataka vijana wa nchi hii wakose ajira kwa sababu ya macho yako?"

"Sitaki, mwanangu."

"La pili, ukimpikia chakula kizima, yuko hai. Akiwa hai watu watauliza mbona hatoki. Wewe pika nusu."

"Na dua je? Nimsomee ya msafiri au ya maiti?"

Akaigeuza hiliki mdomoni. "Soma ile ya jumla."

Nikamuuliza kwa nini kila wakati anakula hiliki. Akanieleza, kwa kuwa alikuwa na moyo mzuri na hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza. Maofisa wote walipelekwa kwenye Semina ya Ulimi. Maana ulimi wetu sisi umelelewa kabla ya kichwa: ukimtaja mfu, "Mungu amrehemu" inatoka yenyewe, na anayesikia, hata kama anapita na mzigo, lazima aseme "Amin." Kazija ndiye mfano wake. Akimtaja mumewe, "Bwana Musa, Mungu amrehemu," anasimama hapo hapo, haendelei na hadithi mpaka uitikie, na ukichelewa anakuuliza kama umekuwa kiziwi. Basi semina ikawafundisha maofisa kuweka hiliki chini ya ulimi kila wanapowataja watu wa Nyumba ya Hesabu, ulimi uwe na shughuli.

"Na Waziri naye alikwenda?"

"Semina aliiamuru yeye mwenyewe," akasema Bwana Mkadam kwa heshima. "Siku ya kuhudhuria alimtuma dereva wake. Sasa dereva ndiye hodari kuliko sisi sote."

Akaondoka. Alipopita mlangoni aliyaona makubazi ya Shaali, akayakwepa kama mtu anayekwepa miguu yenye mtu ndani.

*

Kisha zikaja habari za furaha. Hesabu zilizotoka Nyumba ya Hesabu zimewashangaza wageni. Wanataka kuongeza fungu la utafiti mara tatu, na sherehe itafanyika Ukumbi wa Taifa. Wake wa Kati sote, na wakati huo waume wengine nao walikuwa wameingia wasitoke, tumejaa safu nzima, tukashonewa sare: khanga nusu ina maua, nusu nyeusi tupu, na jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, SUBIRA HUVUTA HERI NA WAWEKEZAJI. Tukaketishwa mbele, ili wageni waone kwamba taifa linathamini familia za wanasayansi. Kazija akapenya kwa ujanja wake akakaa nyuma yangu.

"Umekula?" akaninong'oneza.

"Nusu."

Ngoma zikapigwa. Mheshimiwa Daktari Ngwali akapanda jukwaani katika suti inayong'aa. "Zamani," akasema, "tulikuwa taifa la watu wanaotaka kujua! Mgonjwa anataka kujua atapona lini, mzazi anataka kujua mtoto wake yuko wapi. Leo tumekomaa! Leo sisi ni taifa la uwezekano!"

Makofi. Kisha taa zikapunguzwa, na kwenye kitambaa kikubwa ikatokea picha ya ubao.

Nilijua kabla sijajua. Zile saba, kila moja imekatwa katikati. Ubao mzima umejaa mwandiko wake, juu umesimama wima kama yeye alivyokuwa akisimama, halafu unateremka, unalala, herufi zinakuwa kubwa na legelege kama za mtoto. Mstari wa mwisho ulianzia chini kabisa, karibu na sakafu. Ulikwenda, ukashuka, ukawa mkwaruzo tu, ukakatika.

Nilisikia mwanamke mmoja wa safu yetu akimeza mate.

Mgeni mkuu, mzee mwenye nywele nyeupe, akanyanyua mkono akasema maneno, na mkalimani akayaleta: "Anasema, huu ni uzuri ambao hajauona. Anauliza, aliyeandika ni nani? Na kwa nini ameishia hapo?"

"Kuishia hapo ni mtindo wa kisasa," Mheshimiwa akajibu haraka. Kisha akapumua, kifua kikamjaa, maana hakuna kitu anachokipenda kuliko kumsifu mtu wake mbele ya wageni. Akaweka mkono moyoni. Sauti ikamshuka, ikawa kama ya mtu, nadhani kwa mara ya kwanza nilimsikia anazungumza bila ya kunguruma. "Aliyeandika ni ndugu yetu. Ni mwalimu aliyenifundisha hata mimi kujumlisha. Ni Mwalimu Shaali Mbwana, Mungu amrehemu..."

"Amin!" akaitikia Kazija, wa kwanza, kwa kinywa kipana.

"Amin," ukaitikia ukumbi mzima. Wapiga ngoma, askari wa mlangoni, wapishi waliokuwa wakichungulia, mkalimani, mawaziri wenzake. Hata dereva wake, hodari wa semina. Sauti moja nzito, kama kitu kikubwa kimetuliwa chini.

Mheshimiwa amesimama mdomo wazi, mkono bado uko moyoni. Mgeni akamwinamia mkalimani kuuliza watu wote wamesema nini, na mkalimani akawa anafungua kinywa na kukifunga.

"Nilichokusudia," akasema Mheshimiwa, "ni rehema kwa jumla. Hata aliye hai anahitaji rehema. Kwa hiyo kauli hiyo, kitaalamu, bado iko katikati. Naomba ukumbi ufumbe macho, tuanze upya."

Hakuna aliyefumba.

"Mheshimiwa," akasema Kazija, taratibu, kama anayemwambia mtoto. "Kifuniko kimeshafunuliwa, baba."

Mimi nilikuwa sijasema yangu. Nikatazama ule mstari wa mwisho mpaka pale ulipokatika, nikasema, "Amin." Nikavua ile khanga ya nusu kwa nusu, nikaikunja, jina lake likaingia ndani, nikaiweka juu ya kiti.

"Bi Siwema," Mheshimiwa akaita kwenye kipaza sauti, na sauti ikawa inarudi kutoka kuta zote. "Mama yangu, kaa. Hatujamaliza. Bi Siwema!"

Nyuma yangu kiti cha mmoja wa safu yetu kikakwaruza sakafu, kwaru, kisha cha mwingine. Mlangoni alikuwa amesimama Bwana Mkadam. Hiliki ilikuwa imemdondoka, iko chini mbele ya viatu vyake, na mashavu yake yamelowa, wala hakuyafuta. Akanifungulia mlango mpaka mwisho, akainamisha kichwa.

Nikapita mbele yake, nikatoka, nikaenda kukaa eda yangu.